Sista na Maji Niliyomfungia

Swali lake la kwanza kwa mgonjwa halikuwa "unaumwa wapi". Lilikuwa, "Wewe ni wa ukoo gani?"

Madaktari vijana waliotumwa kwetu kutoka mbali walidhani ni udaku wa kizee. Sista hakuwaeleza. Alisubiri jibu, akaliandika kwa penseli kwenye kona ya kadi, juu ya jina la dawa, ndipo akaanza kazi. Sisi watu wa hapa tulielewa. Kwetu Meru kuna kitu kinaitwa gichiaro. Ni udugu kati ya ukoo mmoja na mwingine, uliofungwa na watu wa zamani sana, na wewe unazaliwa na kuukuta. Mtu wa gichiaro chako akikuomba kitu, humnyimi. Akikuuliza jambo, humdanganyi. Ukifanya hivyo kuna baya litakalokutafuta mpaka likupate, na likikukosa litampata ng'ombe wako. Unaweza kuwa umesoma, umeokoka, na una simu ya kuangalia habari za dunia nzima, lakini ukisikia mtu anasema, "Mimi ni gichiaro chako," mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Sista alikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, na alikuwa jirani yangu nje kidogo ya Mikinduri kwa zaidi ya miaka ishirini. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mchungaji akitangaza sadaka alisema "na Sista wetu". Nami nitamwita hivyo.

Basi mgonjwa akikataa dawa, naye ni wa gichiaro cha Sista, Sista alimwomba mwenyewe. "Mtu wetu, nakuomba umeze." Akameza. Kama hakuwa wa gichiaro chake, Sista alizunguka hospitali nzima akitafuta mtu ambaye ukoo wake unafaa. Kulikuwa na mfagiaji mmoja aliyetoka upande wa Maua, mtu mfupi mwenye sauti nzito, na huyo aliitwa wodini mara nyingi kuliko daktari. Alikuja na ufagio mkononi, akasema maneno mawili, mgonjwa akameza, yeye akarudi kufagia.

"Huyu ndiye dawa yetu ya nguvu," Sista alikuwa akisema. "Ubaya wake ni mmoja tu. Anaendanga likizo."

Siku moja aliniambia habari ya mtu wa ng'ombe, na nitaieleza kwa sababu ndiyo inayoonyesha namna yake ya kufanya kazi kuliko nyingine zote. Mtu huyu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Asubuhi moja aliamka akasema ng'ombe huyo si wake. Ni ng'ombe mwingine, wa mtu mwingine, aliyeletwa kwa siri akafanana na wake mpaka kwenye pembe iliyovunjika. Akakataa kumkamua. Watoto wakamweleza, mkewe akalia, chifu akaja na kupiga kelele. Ng'ombe naye alikuwa akipiga kelele, maana kiwele kilikuwa kimejaa.

Sista alikwenda. Hakubishana. Alimzunguka ng'ombe mara mbili, akamtazama machoni kwa muda mrefu, akarudi kwa mwenyewe.

"Mimi sijui ng'ombe wa nani," akamwambia. "Lakini huyu mgeni wako ameumia. Utaacha mgeni aumie kwako?"

Yule mtu akaona haya. Akamkamua ng'ombe wa watu, asubuhi na jioni, na kila akimaliza kukamua Sista alikuwa ameagiza ameze kidonge, "kwa sababu kukamua ng'ombe wa mtu mwingine kunachosha." Baada ya miezi kama mitatu alikuja kliniki akiwa mwenye furaha nyingi. Ng'ombe wake amerudi! Amerudi mwenyewe, yuko zizini. Kitu kimoja tu kilimsumbua.

"Sista, na yule mwingine ataenda na nani kwao? Nilikuwa nimemzoea."

Sista hakucheka mbele yake. Alikuja kucheka kwangu, kwenye veranda yangu, mpaka akamwaga chai.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, na hasira zake zote alizihifadhi kwa ajili ya watu wazima wa afya. Mtu akimtukana wodini alimjibu, "Asante, na mama yako hajambo?" Lakini mhudumu wa duka akimrudishia chenji polepole alimwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliwakataza wagonjwa wake miraa kwa ukali mkubwa, akisema inamnyang'anya mtu usingizi, na usingizi ukiondoka mengine yote yanafuata. Jumapili mchana, baada ya kanisa, alivuta pazia la sebule akatafuna vijiti vyake vichache na kahawa. Nilimkuta siku moja.

"Sista! Na wewe?"

"Mwenyekiti, mimi si mgonjwa," akasema. "Na hilo pazia halikufungwa ili wewe ufungue."

Mtu aliyeingia peke yake kwenye nyumba ambamo kijana ameshika panga, akatoka na panga na kijana, huyo huyo alikimbia kinyonga. Nilimwona kwa macho yangu akivuka shamba la viazi bila viatu, sare ya kazi ikipepea, kwa sababu ya kinyonga mdogo wa kijani ambaye naye alikuwa akijaribu tu kuvuka njia. Nilipomwuliza alisema kinyonga anatazama mahali pawili kwa wakati mmoja na kitu kama hicho hakiwezi kutibiwa.

Aliniita Mwenyekiti kwa sababu nilikuwa mwenyekiti wa mradi wetu wa maji. Maji yanatoka msituni juu, yanakuja kwa paipu kubwa mpaka kwenye tangi, halafu yanagawanywa kwa mistari, na kila boma lina valvu yake ndani ya kishimo chenye kifuniko cha saruji. Spana ya kufungua valvu hizo ilikaa kwangu. Mtu asiyejua maisha ya milimani anaweza kudhani ni chuma tu. Mwenye spana ndiye serikali. Nilikuwa nikitembea nayo mfukoni hata ninapokwenda harusini.

Na ukoo wangu na ukoo wa Sista ni gichiaro. Hilo lilitupa raha nyingi. Watu wa gichiaro hawaoani, kwa hiyo hata baada ya mume wa Sista kufariki, mke wangu hakuwahi kuwa na wasiwasi nikikaa kwake nusu siku nikinywa chai. Lilinipa taabu pia, kwa sababu Sista hakusita kulitumia. Tulipokuwa tukichimba mtaro wa mstari wa pili alinijia akasema, "Mwenyekiti, kuna watu wangu watano wametoka wodini, wamepona, hakuna anayewapa kazi. Nakuomba wachimbe na wengine." Nilitaka kukataa. Mdomo ulikataa kukataa. Wakaja, na walichimba vizuri kuliko watu wetu, ila mmoja wao alifurahia kazi kiasi kwamba tulipofika mwisho wa mstari hakusimama. Alikata ua wa jirani, akaingia kwenye ndizi, akaendelea. Mpaka leo mtaro huo upo na mwenye shamba anafugia humo samaki.

Halafu corona ikaja.

Ninyi mnaosoma mnaikumbuka kila mtu kwa namna yake. Sisi tunaikumbuka kwanza kwa ukimya wa barabara ya Maua. Pikapu za miraa zilizokuwa zikipita alfajiri kwa kasi ya wendawazimu zilipungua, ndege zilizobeba miraa nchi za nje zikasimama, na watu wakabaki na miti iliyojaa na mikono mitupu. Wanaume waliokuwa hawana nafasi ya kuwaza wakapata nafasi hiyo. Mmoja alikaa mlangoni kwake siku tatu bila kusema. Wagonjwa wa Sista waliokuwa wakija kila mwezi kuchomwa sindano hawakuweza kuja, maana magari yalibeba nusu ya abiria na kuitisha nauli mara mbili, na jioni kulikuwa na kafyu. Wakati huohuo nusu ya wodi yake ilichukuliwa ikafanywa ya watu wa corona, na yeye na wenzake wachache wakaambiwa wahudumie pande zote mbili.

Kazi yake mpya ilikuwa kuongea. Aliongea na watu waliolala peke yao wakisubiri majibu. Aliongea na jamaa waliosimama nje ya ua wakipiga kelele majina. Na zaidi ya wote aliongea na wafanyakazi wenyewe. Mfagiaji wa Maua alinisimulia baadaye kwamba nyuma ya chumba cha kufulia kulikuwa na benchi, na wauguzi walikwenda hapo mmoja mmoja kulia mbele ya Sista, kila mmoja dakika kumi, halafu wakavaa tena barakoa na kurudi ndani. Sista aliliita benchi hilo kantini. "Leo kantini imeuza," alimwambia mfagiaji jioni. Siku ambayo hata daktari mkuu alikwenda, alisema, "Leo tumeishiwa na vikombe."

Hakuna aliyeuliza yeye ananunua wapi. Mfagiaji alisema hivyo, si mimi. Mimi wakati huo nilikuwa na shughuli nyingine.

Kamati ya maji ilikutana kwenye tangi, kila mtu amesimama mbali na mwenzake kama watu waliogombana. Mweka hazina wetu, mkulima mnene mwenye heshima zake, ndiye aliyeanza.

"Sista anatoka kule kwa hao watu kila siku," akasema. "Na hiyo paipu inapita kwake kwanza ndio ije kwetu."

"Sasa corona inaingianga kwa paipu?" mama mmoja wa kamati akauliza.

"Mimi najua? Wewe unajua?"

"Si tumeambiwa maji na sabuni inaiua?"

"Maji na sabuni. Kwa paipu kuna sabuni?"

Hapo tuliitazama paipu wote, kwa sababu kwa kweli ndani ya paipu hakukuwa na sabuni.

Sasa nataka sehemu hii isomwe polepole. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne. Barua ya watu wa afya kuhusu ugonjwa huo nilikuwa nimewasomea mimi mwenyewe, nikiitafsiri kwa Kimeru, na ilisema ugonjwa unapita kwa pumzi na mate ya watu walio karibu. Mtaro ule nilisimamia kuchimbwa kwake. Nilijua maji hayarudi kinyume kutoka kwenye bomba la mtu hadi paipu kubwa. Nilijua yote hayo. Lakini kifua changu si kizuri, nilikuwa naogopa kufa, na uchaguzi wa kamati ulikuwa unakaribia. Wote walinigeukia. Nikasema, "Basi tutafunga kwa muda."

Nilifunga mwenyewe. Hakuna mwingine aliyekuwa na spana.

Ilibaki kumwambia, na hapo ndipo nilipojiona mwerevu. Mimi singeweza kumdanganya. Nimeeleza kwa nini. Lakini mweka hazina hakuwa wa gichiaro chake. Nilimtuma yeye akamwambie paipu imepasuka huko msituni na fundi anatafutwa. Niliona nimepata njia. Sheria ya wazee inasema usimdanganye. Haisemi usimtume mtu mwingine akamdanganye. Ilikuwa ni mbinu ya Sista mwenyewe, ya kutafuta mtu ambaye ukoo wake unafaa, ila mimi niliigeuza ndani nje kama soksi.

Nilichosahau ni kwamba angeweza kuniuliza. Akiniuliza tu, "Mwenyekiti, ni nini imefunga maji?" ningelazimika kusema. Kwa hiyo nilianza kumkimbia. Mzee wa umri wangu! Nikisikia sauti yake njiani niliingia kwenye mahindi. Nikimwona sokoni niliinama kuchagua vitunguu mpaka mwenye vitunguu akadhani nina kichaa cha vitunguu. Nilivuta barakoa mpaka chini ya macho na kofia mpaka juu ya macho. Nadhani katika tarafa yetu nzima hakuna mtu ambaye barakoa ilimsaidia kunishinda mimi.

Mke wangu aliona. "Unamkimbia Sista kama vile yeye anakimbia kinyonga," akasema.

Sista alikwenda kuchota maji mtoni. Kutoka kwake hadi mtoni ni mteremko, na kurudi, mnajua. Alifika nyumbani jioni, akavua sare nyuma ya nyumba, na kwa kuwa hakutaka kugusa chochote kabla ya kuoga, alichukua mitungi miwili akashuka. Alikuwa mwanamke wa karibu kustaafu. Wiki saba alifanya hivyo.

Jioni moja, jua bado lipo, nilikuwa ndani ya mahindi yangu kwa sababu nilikuwa nimemsikia akija. Alitua mitungi njiani, yote miwili ikiwa bado mitupu, akapindua mmoja, akaukalia. Ule mwingine ukawa mbele yake. Akaanza kuongea. Hakuwa na simu sikioni. Aliongea na ule mtungi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha, akasimama kidogo, akaendelea. Nilisikia "kitanda cha nne" na "hajala". Mkono mmoja ulikuwa ukihesabu vidole vya mwingine.

Nilifikiria, huyu naye sasa amechanganyikiwa. Na nilifikiria kwamba mtu yeyote wa kawaida angetoka kwenye mahindi sasa. Hatua zilikuwa kumi na mbili. Ninalijua shamba langu. Nilisimama pale mpaka akaondoka, mbu wakiniuma masikio, na wala sikujikuna ili majani yasitikisike.

Kilichofungua maji hakikuwa dhamiri yangu. Ningependa kuandika hivyo, lakini hapana. Mweka hazina aliamka asubuhi moja akishindwa kupumua. Kifua kimebana, mikono inatetemeka, jasho. Corona! Mkewe alitoka mbio kwa mtu aliye karibu mwenye akili ya hospitali, na mtu huyo alikuwa Sista, aliyekuwa ndiyo kwanza anajiandaa kwenda kazini. Alikuja na koti la mvua na barakoa mbili. Kelele zilinivuta na mimi nikafika hadi uani, nikasimama nyuma ya zizi.

Alimpima, akamsikiliza, akaketi.

"Hii si corona," akamwambia. "Hii ni woga. Inafanana nayo tu. Pumua na mimi. Pole pole. Mimi nikishuka, unashuka."

Wakapumua pamoja, yule mtu mnene na yule mama mwembamba, muda mrefu sana, mpaka mabega ya mweka hazina yakashuka kutoka masikioni. Akaanza kulia. Sista akamwambia kulia ni sawa, ila asishike pumzi akilia.

Alipomaliza aliomba maji anawe mikono. Mke wa mweka hazina akafungua mfereji wa uani. Maji yakatoka kwa nguvu, meupe, yale yale yaliyokuwa yamepita mlangoni pa Sista bila kuingia. Akanawa kwa sabuni, taratibu, mpaka viwiko, kama wanavyofundishwa. Akayakung'uta.

"Maji yenu ni mazuri," akasema. "Muga muno." Akaaga hivyo kwa Kimeru, akaenda kazini.

Kesho yake mweka hazina alikuja kwangu kabla sijanywa chai. Hakuketi. "Fungua," akasema. "Fungua leo, ama mimi nitaenda kumwambia nani alinituma." Nilifungua asubuhi ile ile Sista akiwa kazini, nikarudisha kifuniko, nikaondoka kama mwizi aliyerudisha kuku. Sista hakusema kitu. Jumapili iliyofuata alinisalimu kanisani, "Mwenyekiti, kifua kinaendeleaje?" Nikajibu kinaendelea vizuri. Kikawa ndicho kisa chote kwa miaka. Alikuja kwangu kunywa chai, nilikwenda kwake. Tulicheka habari za wagonjwa. Kila mara alipofungua mdomo niliona swali linakuja, na kila mara lilikuwa habari nyingine.

Alistaafu, akauza ng'ombe, akahamia kwa binti yake ambaye ni mwalimu upande wa Embu, kule Kibugu, karibu na msitu. Siku ya kuhama nilibeba kabati lake mpaka kwenye lori. Hata siku hiyo sikusema.

Mwaka huu nilikwenda. Nilikuwa nimezeeka vya kutosha kuona kwamba mmoja wetu ataondoka na jambo hili, na nikaogopa atakuwa yeye. Nilibeba unga wa wimbi aliokuwa akiupenda. Kibugu ni baridi, na majani chai yanafika hadi dirishani. Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti cha mbao, amevaa sweta mbili, amekonda. Binti yake aliniambia pembeni kwamba mama halali. Tangu wakati ule wa corona usingizi wake ni vipande. Usiku anatembea ndani ya nyumba akipitia milango kama anakagua vitanda, na mchana anakaa macho wazi. Amepelekwa kwa madaktari, amepewa vidonge, anawaambia anavijua vidonge hivyo tangu hawajazaliwa.

"Mwenyekiti!" Sista akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi unataka kitu."

Niliketi kwenye gogo, nikavua kofia, nikasema. Nilisema bila kuzunguka, maana nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Nilisema ni mimi niliyefunga, nilijua ni upuuzi, na nilimtuma mweka hazina ili uongo usitoke kinywani mwangu. Nikasema pia habari ya mahindi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyekiti," akasema, "paipu imepasuka msituni, na inakausha boma moja tu? Jirani wa juu ananyweshea kabichi, jirani wa chini anaosha pikipiki. Ulidhani sina macho?"

"Ulijua?"

"Siku ya kwanza. Na kwa mahindi nilikuwa naona kofia yako. Nilikuwa nashangaa hii mahindi ya huyu mzee imeota kofia."

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Nikamwuliza lililonisumbua miaka yote: kwa nini hakuniuliza? Neno moja tu, na angekuwa na maji siku hiyo hiyo.

Aliyatazama majani chai.

"Kuuliza ni kazi," akasema. "Nilikuwa nauliza watu tangu asubuhi. Umelala? Umekula? Unawaza kujidhuru? Nani yuko nawe nyumbani? Nikifika kwangu, swali hata moja lilikuwa halijabaki. Heri kubeba mtungi. Mtungi hauulizwi."

"Lakini uliongea nao."

"Huo nilikuwa naupa ripoti." Akanigeukia. "Muuguzi akimaliza zamu anamkabidhi mwenzake ripoti. Kitanda kwa kitanda. Yule anachukua, wewe unaenda nyumbani mtupu, unalala. Ndio kazi inavyoendanga. Wakati ule, muuguzi wa kunipokea alikuwa mgonjwa, mwingine alikuwa karantini, mwingine alikuwa amekimbia, na mimi simlaumu. Nilikuwa natoka na ripoti mkononi, hakuna wa kuchukua. Nikaja nayo mpaka njiani. Nikaja nayo mpaka hapa."

Alivuta sweta ya juu, akaifunga vizuri.

"Sasa swali limepatikana moja," akasema. "Gari lako ni la saa ngapi?"

"La saa tisa."

"Mimi ni gichiaro chako. Nakuomba uliache. Ukae hapo kwenye gogo, nikupe ripoti. Na usinishauri. Usiniambie Mungu anajua. Usiniambie pole. Unasikia tu."

Nikaweka kofia chini.

Alianza na kitanda cha kwanza. Sitaandika yote, si yangu. Kulikuwa na muuguzi msichana aliyevua glavu ili kushika mkono wa mtu, akakemewa na Sista, na Sista hajajisamehe kwa kumkemea. Kulikuwa na bibi aliyekataa kuongea na watu akaongea na redio, kwa hiyo Sista alijificha nyuma ya kitanda akamjibu kama redio, na mpaka taarifa ya habari akamsomea. Hapo alicheka, nami nikacheka. Kisha akafika kwa fundi cherehani, mgonjwa wa nje aliyekuwa akisikia sauti akikosa sindano yake ya kila mwezi. Magari hayakuwepo. Sista alikuwa amepanga kumpelekea sindano nyumbani Jumamosi, kwa bodaboda, siku yake ya mapumziko.

"Jumamosi hiyo nilishinda mtoni," akasema. "Sare zote zilikuwa chafu, na blanketi. Nilipanda ule mteremko mara sita. Nikaketi nipumzike kidogo, nikaona giza imeingia. Nikasema nitaenda wiki ingine. Alhamisi alichoma nyumba. Mama yake alitolewa salama. Yeye mikono iliungua. Hashoni tena."

Nilifungua mdomo.

"Nimesema usinishauri," akasema. "Sikwambii ndio uumie. Ripoti inasemwa yote, hata ile mbaya. Kitanda cha saba."

Nilifunga mdomo. Nimeandika haya ili ijulikane kwamba nilichofunga siku ile hakikuwa maji ya mtu mmoja peke yake. Aliendelea. Kulikuwa na vitanda kumi na vinne, na baada ya vitanda kulikuwa na benchi la kantini, na kila aliyekalia benchi hilo alikuwa na neno lake, naye aliyakumbuka maneno yote. Saa tisa ilipita. Sauti yake ikawa ndogo, ikaanza kurudia, ikakwama katikati ya jina la mtu. Nikasubiri. Nilipotazama, kichwa kilikuwa kimeangukia begani, mdomo wazi kidogo, na anakoroma.

Binti yake alitokea mlangoni na sufuria mkononi, akamwona, akairudisha ndani bila kuigonga popote.

Nilikuwa nimekaa hivyo, sithubutu hata kunyoosha goti, niliposikia wachuma chai wakija kwenye kijia, safu ndefu yenye vikapu mgongoni, wakipeleka majani kituoni, wakicheka na kupigiana kelele. Niliinuka nikasimama katikati ya njia, kidole mdomoni. Wa kwanza akaona, akanyamaza, akamgusa wa nyuma yake, naye akamgusa mwingine. Wakapita wote kwa ncha za vidole, watu wazima wenye vikapu vizito na mabuti ya mpira, mmoja mmoja, wakimtazama.

Yule wa mwisho, mama mmoja, aliinama sikioni kwangu akanong'ona, "Mzee, huyo ni mgonjwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni muuguzi. Ametoka zamu."